Kundi O na Kovu la Mkono wa Kushoto

Kila baada ya miezi mitatu fundi wa kuchomelea vyuma huja kutoa damu, na kabla hajaulizwa hali huitoa kadi yake mfukoni na kuilaza mezani, ile alama ya kundi O ikiwa juu. Muuguzi amemzoea. Anavijua vidole vyake vilivyobabuka kwa cheche, na kovu la moto lililotanda chini ya kiwiko cha kushoto, ambalo hulificha kwa shati la mikono mirefu hata joto liwe kali vipi. Hotuba yake pia anaijua. "Sisi wa O, dada yangu, saratani ya ngozi hutupita kando. Redio ilisema." Muuguzi humjibu kwamba redio ilisema huenda, na kwamba jua kali, miale ya kuchomelea na makovu ya moto havimuulizi mtu kundi lake, naye hucheka mpaka mabega yakatikisika. Safari hii mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umelowa usaha.

"Kunja na huo," muuguzi akamwambia.

"Huu unadeka tu. Choma wa kulia."

Aliukunja hatimaye. Katikati ya kovu palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu, cha miezi mingi. Muuguzi akaweka sindano chini, akavuta karatasi ya kumpeleka kwa daktari. Fundi akaipangusa kadi kwa kidole gumba.

"Basi kundi langu liandike juu kabisa, alione kwanza."

Muuguzi akaliandika juu kabisa. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, akaandika: kidonda kwenye kovu la miaka ishirini na miwili, aonwe leo.