Kwa Nini Baluku Alibaki

Juzi vijana walikuja kubandika picha za wagombea kwenye ukuta wa kibanda ninapouza maharage, hapa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Walikuwa na ndoo ya uji wa muhogo, ule mzito wa kubandikia, bado unatoa moshi. Ile harufu, chachu kidogo, kama nguo iliyolowa ikaachwa, iliponifika puani, vidole vyangu vyenyewe vilitaka kukunja karatasi. Nikakaa chini. Kijana mmoja akauliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia nendeni mkabandike kwingine. Yeye asingekaa kunisikiliza. Labda ninyi mtakaa.

Nilipokuwa mtoto uji ule ulipikwa nyumbani kwetu kila mara, na haukuwa wa wanasiasa. Baba mdogo, Yonasi, alikuwa na kitabu chake cha katuni. Yeye ndiye aliyenilea. Tulikuwa tumeshuka kutoka milimani tukiwakimbia waasi. Baba hakushuka nasi, na mama aliugua akafa tulipokuwa bado hatujajua tutalala wapi. Yonasi alichora kwa sindano juu ya stensili, zile karatasi za nta za kuchapia, akazipeleka mjini Kasese kwa mwenye mashine, akarudi na rundo la kurasa zinazonuka wino. Mimi na mke wake, mama mdogo Yuneki, tulizikunja tukazibandika mgongoni kwa ule uji. Mende walivipenda vitabu vile kuliko watu. Ukichelewa kusoma, unakuta mgongo umeliwa.

Ndani yake alikuwamo shujaa, jina lake Kule. Blanketi begani kama mtu wa baridi ya juu, viganja vipana kama sinia. Mto ukifurika aliuzuia kwa mikono. Lori likikwama kwenye tope aliliinua kama mama anayeokota kikapu. Maneno yalikuwa Kiswahili, ili watu wa ng'ambo zote mbili za daraja la mpakani wasome. Yonasi hakujua kuchora miguu, kwa hiyo Kule siku zote alisimama kwenye majani, au kwenye ukungu, au ndani ya maji. Wasomaji wakaamua kwamba nguvu zake ziko miguuni, ndiyo maana anaificha. Wakabishana hata ni mguu upi. Yonasi alicheka mpaka akakohoa. "Waache," alisema, "wananisaidia kazi."

Siku za soko, kule Mpondwe, nilisimama mezani nikawasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Nikifika patamu nafunga kitabu. Anayetaka mwisho anunue. Vitabu vile ndivyo vilivyonilipia shule. Vikiuzika, niko darasani. Visipouzika, mwalimu ananirudisha nyumbani mbele ya wenzangu. Jambo hilo sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Sasa, kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza wa kiume ni Baluku, anafuata Bwambale, halafu Masereka, na wa nne ndiye Kule. Upande wa Kongo ni vilevile, matamshi tu yanatofautiana. Ita "Baluku!" sokoni, nusu ya soko itageuka. Yonasi alichagua Kule kwa sababu ni jina fupi, linakaa vizuri juu ya ukurasa. Hakufikiri zaidi ya hapo. Lakini hakuna mtu wa kwetu atakayekutana na Kule asiulize: na wale wakubwa zake watatu wako wapi?

Walimwuliza mpaka akachoka, akachora. Watu wanashuka mlimani asubuhi, mikeka kichwani, Kule bado mdogo, amebebwa mgongoni. Na juu kabisa, kwenye lango la boma, kaka yao mkubwa, Baluku, amesimama amewapa mgongo. Chini ya picha Yonasi hakuandika neno.

Hapo ndipo waliponivunjia maisha, na nitawataja.

Wa kwanza ni Masereka mwenye bucha, sauti yake inafika kabla yake. Alikuja na kitabu mkononi, damu ya nyama kwenye jalada. "Kwa nini alibaki?" akauliza soko zima. "Mtu anabakije na waasi? Alikuwa mtu wao! Huyu ni msaliti, Yonasi, na wewe unajua."

Wa pili ni Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, muuza mawese, rozari shingoni. "Weye Masereka unaonaka nyama tu," akasema. "Ule mukubwa haiko mubaya. Alibakia juu ya kulinda nyumba."

"Kulinda nini, Papa? Nyumba ya majani?"

"Na bucha yako ni ya nini? Ya dhahabu?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Mimi pia nilicheka. Kumbe hawakuwa wanabishana juu ya karatasi. Siku zile, karibu kila ukoo ulikuwa na mtu aliyebaki juu, na majirani walinong'ona: huyo anawapikia waasi. Kulisema wazi, pale askari wanapopita, hakuna aliyethubutu. Sasa walikuwa wamepata Baluku wa wino, wakayasema yote juu yake.

Mwanzoni ugomvi ndio uliokuwa soko lenyewe. Watu walinunua ili wapate hoja za kurudi nazo. Kisha wakaanza kutoa amri. Masereka alitaka katika kitabu kijacho Kule amuue Baluku, la sivyo hakuna mtu wa bucha wala wa stendi atakayenunua. Papa Kambale akasema ukimuua, hakuna hata kitabu kimoja kitakachovuka daraja. Na akina Baluku wenyewe, wale wa nyama na damu, wakaacha kununua kimyakimya, kwa kuwa jina lao lilikuwa limegeuzwa la msaliti. Hilo Yonasi hakuwa amelipigia hesabu. Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye fedha. Wadogo zake walikuwa wakisoma kwa kuchungulia begani pake.

Jioni moja Yuneki alishindwa kuvumilia. Alikuwa anakoroga uji, mwiko mkononi. "Muue basi, baba," alimwambia mumewe. "Ni karatasi tu! Mtoto atafukuzwa shule." Yonasi akaweka sindano chini. Yuneki akageuka akaniangalia mimi, akafunga mdomo ghafla, kama aliyemeza kaa la moto. Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya shule.

Kitabu kilichofuata, Kule aliwasaidia watu kubeba kahawa. Baluku hakutajwa. Masereka alikichana pale mezani pangu, kipande kimoja kikaniangukia kichwani. "Unatuchezea!" alipiga kelele. "Sisi tumekulisha. Huyu shujaa ni wetu, si wako!" Papa Kambale hakuchana kitu. Alikunja midomo, akasema taratibu, "Yonasi, sema neno. Mutu hawezi kuikaa katikati ya daraja," akaenda, na wateja wake wakamfuata.

Basi. Hakikuuzika tena. Nikaishia darasa la nne. Yonasi akaenda Katwe kuvuna chumvi ziwani, na maji yale yakamla mikono, mpaka vidole vikawa havifungi. Hakushika sindano tena. Alikufa mtu wa kawaida kabisa, na waliokuja mazikoni walizungumzia bei ya samaki. Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Nilisema moyoni, mstari mmoja tu wa sindano, umchore Baluku ameanguka, amekufa, nami ningekuwa mwalimu leo.

Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe Yuneki aliponieleza lile ambalo, siku za askari, hawakuthubutu kulisema mbele ya mtoto. Waasi walikuwa wanakuja kijijini. Ikajulikana kwamba wakikuta nyumba tupu watafuata njia, na kulikuwa na wazee na watoto njiani, mimi mmoja wao, mgongoni. Baba yangu akabaki. Alikwenda nyumba hadi nyumba akiwasha moto mafigani, ili moshi uonekane juu ya kila paa, wadhani watu wamo wanapika. Sisi wengine tukafika chini, yeye hakuonekana tena.

Baba yangu aliitwa Baluku. Nililijua jina hilo, nililitaja shuleni kila nilipoulizwa mtoto wa nani. Lakini jina lililomo katika kila nyumba halikuonyeshi mtu. Nilisimama sokoni nikausoma ukurasa ule kwa sauti yangu mwenyewe, nikawauzia, na sikumwona.

"Na Masereka alikuwepo," Yuneki aliongeza. "Tulikuwa majirani. Alitangulia na mbuzi zake, akawapita wazee njiani."

Masereka yuko hai. Amenenepa, bucha wanaiendesha wanawe. Mwanangu ananionyesha kwenye simu, kwenye kundi la watu wa Bwera, jinsi mzee anavyorekodi sauti kwamba yeye alikuwa msomaji nambari wani wa Kule, na kwamba kitabu kiliharibika pale mwandishi alipoanza kuogopa ukweli. Vijana wanamwekea vidole gumba.

Utotoni nilidhani anapiga kelele kwa sababu anampenda shujaa kupita sisi wote. Sasa naelewa kwamba hakuwa anamtazama Kule hata kidogo. Kama Baluku alibaki kwa wema, basi yeye aliyewapita wazee na mbuzi zake alikuwa nani? Kwake ilikuwa lazima Baluku awe msaliti, na lazima auawe, tena na ndugu yake mwenyewe, na soko zima linunue kuona.