Ngoma ya Geneviève

Okito ni jirani yangu hapa Mikelenge, na ninamjua kiasi cha kumsema. Ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kichwa nje kwanza. Lakini mikono yake! Akishika fimbo zake mbili mbele ya lokombe, lile gogo lenye tundu refu, lisilo na ngozi, hata sisi Wakasai tulioletwa huku na kazi ya reli tunatulia. Kwao kila mtu ana jina lake la ngoma. Akifa, jina hilo linapigwa ukingoni mwa mto, na ndugu walioko Alunguli, ng'ambo, wanavuka kuja kumlilia. Kifo kisichopigwa ni uvumi tu, na matanga hayafunguliwi.

Wakati wa vita askari walikataza ngoma. Walidhani zinawaita wapiganaji wa msituni. Mji ulizingirwa, treni haiji, shambani hakuendeki, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Ndipo Geneviève, mke wa Okito, alipougua kipindupindu. Tulimzika haraka, tukilia ndani ya vitenge vyetu ili tusisikike. Mtoto wao Bibiche alikuwa bado ananyonya.

Vita vilipoisha, Okito alimtuma mtu kwa Edouard, kaka wa marehemu, kule Alunguli. Edouard akajibu: "Sikusikia ngoma. Dada yangu iko kwa bwana yake." Okito naye akachukia. Ampigie ngoma mtu aliyekwisha kuoza, walimwengu wamcheke? Basi, wanaume wawili na mto katikati, na Bibiche akakua bila mjomba. Iliniuma, maana sasa msichana amechumbiwa, na kwao binti haozwi kama mjomba hajaketi. Mara nyingi nilimwambia Okito, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Akanijibu nirudi kwenye kwaya yangu.

Mwaka huu Bibiche na vijana wenzake waliandaa sikukuu ya utamaduni kwenye uwanja wa kando ya mto, kila kabila na kila dini ilete chake. Jamila na wanawake wa Kiislamu walileta dufu. Sisi wa reli tuliimba kwa Tshiluba, lugha yetu ya Kasai, na tuliimba vizuri, wasiotaka kukubali shauri yao. Vijana wakacheza igizo la kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa: mwanamke anakufa kwa kipindupindu, mumewe anamlilia. Kijana aliyekuwa mume alilia kama mbuzi, uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona Okito. Alikuwa anamtazama yule "maiti" aliyelala kwenye mkeka.

Zamu yake ikafika. "Baba, upige ile ya ndoa," Bibiche alimwambia.

Okito alishika fimbo akapiga kitu kingine, polepole, maneno yaleyale yakirudi na kurudi. Vijana walijaribu kukata viuno, wakashindwa.

"Iyi ngoma ya namna gani? Haichezeke!" mmoja akapiga kelele.

Jamila ndiye aliyeelewa kwanza, kwa kuwa amezaliwa hapahapa. Aliweka dufu chini, akavua viatu, akaketi mchangani. Wazee wakamfuata. Bibiche akanishika mkono.

"Mama Mamy, baba iko anasema nini?"

"Anamuita mama yako," nikamwambia. Hakuwa amewahi kulisikia jina lile la ngoma.

Okito alipiga mpaka shati likamganda mgongoni. Ng'ambo kimya. Watu wakaanza kukunja mikeka, na mimi moyoni nilikuwa ninamtukana Edouard kwa Tshiluba, maana kwa Kiswahili matusi hayanitoshi. Kisha tukaona mtumbwi unavuka. Edouard alishuka pekupeku, kama inavyompasa mfiwa, mvi zimemjaa kichwani. Watu wakampisha hadi mbele ya lokombe.

"Shemeji, nimesikia ngoma," alisema. "Dada yangu amekufa siku gani?"

Fimbo zilimwanguka Okito. Mbishi yule, safari hii hakubisha.

"Leo, shemeji. Ni leo njo amekufa."

Edouard akaketi chini, akamvuta Bibiche ubavuni pake, na kilio kikaanza.