Mwarobaini Mkavu wa Gerezani

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne. Asubuhi manyunyu, kisha wingu zito ambalo halikunyesha wala kuondoka.

Tulikwenda saba, wote wa kujitolea, kung'oa miti iliyokufa kwenye bustani ndogo ya mtaa wa Gerezani, upande wa maduka ya spea, na kupanda mingine. Miwili ilitoka bila maneno. Wa tatu, mwarobaini mkavu kabisa, ulikuwa na kamba. Mama ntilie wa pale amefunga turubai lake, upande mmoja kwenye mti, upande mwingine kwenye ukuta. Chini yake kuna masufuria, mabenchi, na mafundi wanakunywa chai.

Kiongozi wetu ni kijana mpole. "Shikamoo mama. Tunaomba ufungue kamba, mti huu umekufa."

"Marahaba baba. Umekufa kwenu. Kwangu uko kazini."

Mafundi wakacheka. "Kiongozi, leo umekutana na mwenye mti!"

Kijana akaeleza kwamba mchwa wameshaula, mvua kubwa ikija utamwangukia mtu. Alisema kweli, nilibonyeza gome, kidole kikazama. Nikamwambia mama, si afadhali uchimbie nguzo? Nilidhani nimesema la maana.

"Dada, wewe mgeni mjini? Nikichimbia nguzo, mgambo wa jiji wakipita watasema nimejenga kibanda. Kesho hunikuti. Kamba kwenye mti sijajenga kitu."

Naishi Kariakoo siku zote na hilo sikuwahi kulifikiria. Kila mmoja alikuwa na haki yake, ndiyo maana sikujua nisimame na nani.

"Na hiyo miche yenu," akaendelea, "mwaka jana mlipanda, mkapiga picha, mkaenda zenu. Nani aliimwagilia?"

Mwenzetu mmoja akaonyesha mirunda tuliyoleta ya kuzungushia miche isikanyagwe, akasema huo ni uzio wa mti, si kibanda cha mtu, kamba ifungwe hapo. Mama akashika mrunda mmoja, akautikisa.

"Kijiti hiki? Turubai likishika upepo litaondoka na mche wenu."

Basi tukachimba mashimo ya mirunda marefu zaidi, na upande wa kamba tukasimamisha mirunda miwili pamoja, tukaikaza kwa mbao. Kijana akataka turubai livutwe upande wa mabenchi, lisiufunike mche, na maji ya kumwagilia yawe safi, si ya kuoshea vyombo. Mama akakubali kumwagilia, ila akasema mgambo wakimsumbua, kijana aje amtetee. Kijana akasema atajaribu. Hakuapa. Naona hapo alikuwa mkweli, ingawa mama hakufurahi.

Mama akafungua kamba, na mwarobaini ukaanguka kwa kusukumwa tu. Wateja walisubiri wamesimama, vikombe mkononi, mmoja akilalamika kwamba chapati imepata vumbi, na kweli ilipata. Adhuhuri kamba ilikuwa imefungwa upya na mama anapakua wali.

Mgambo hawakupita leo. Wakipita sijui ile mirunda wataiita uzio au kibanda. Mimi nimeitazama mara mbili wakati wa kuondoka, na ningeulizwa ni kipi, ningechelewa kujibu.

Jioni nyumbani tulikula ugali, dagaa wa nazi na mchicha. Mume wangu alisema chumvi imezidi. Nilionja tena, imezidi kidogo.