Fimbo Iliyopandwa Kichwa Chini

Kwetu Masisi, mtu alipooa, fimbo mbili za muvumu zilipandwa kwenye mlango wa lupango lake, yaani ua wa nyumba yake. Muvumu ni ule mti wa jamii ya mkuyu ambao mababu zetu waliponda magome yake wakapata nguo. Ukikata tawi lake na kulichomeka ardhini linaota bila kubembelezwa, na ndiyo sababu nyua zetu nyingi zilikuwa za muvumu. Fimbo ya kwanza ilikuwa ya bwana arusi, nayo ilikatwa kwao. Ya pili ilikuwa ya bibi arusi. Ilikatwa kwenye mti ulio nyuma ya nyumba ya mama yake, wajomba wakaibeba pamoja na mikeka na vyungu vyake. Lakini kuzipanda zote mbili ilikuwa kazi ya watu wa bwana. Zikitoa majani, nchi imewapokea wote wawili. Moja ikikauka, mwenyewe hakupokelewa.

Shangazi alitusimulia chanzo cha desturi hiyo tukiwa tunachambua maharagwe. Mwanamume na mwanamke wa kwanza walipanda kutoka msituni, upande wa Walikale, wakitafuta mahali ambapo jua linafika chini. Kila walipolala walichomeka fimbo zao karibu na kichwa, na asubuhi wakazing'oa wakaendelea. Asubuhi moja fimbo zilikataa kung'oka. Mwanamume alitaka kuziacha waende. Mwanamke akasema yeye anabaki na yake. Wakabaki, nasi tukatoka kwao. Nilimuuliza shangazi ingekuwaje kama fimbo moja tu ndiyo ingeota mizizi. Alinitazama kidogo, akasema kichwa changu kina maswali mabaya, akanirudishia ungo.

Dada yangu aliolewa mwaka nilipotoka shule ya walimu ya misioni. Mumewe alikuwa kijana mpole, mfanyakazi wa shamba la pareto, mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mahari ilikuwa imetolewa na fimbo zimepandwa. Ndoa ya kanisani ilipangwa kufungwa baada ya Pasaka. Mimi nilipelekwa kufundisha Ntoto, kule chini msituni, na sikumwona dada tena mpaka likizo ya Noeli.

Nilipofika kwake, kitu cha kwanza nilichokiona ni zile fimbo. Ya shemeji ilikuwa na majani mapana, mabichi, hata kuku walijikinga mvua chini yake. Ya dada yangu ilisimama kama mpini wa jembe. Aliniletea maji ya kunawa, akaniuliza habari za msituni, na hakugeuza macho upande wa mlango hata mara moja. Ndipo nilipojua kwamba mambo yamekuwa mabaya.

Baadaye alinieleza. Mama mkwe wake, mwanamke wa sala ambaye hakukosa misa, alikuwa amesema wazi kwamba bibi arusi akisharudi kutoka kanisani hakuna tena wa kumrudisha kwao. Kama nchi haimtaki, ijulikane kabla ya Pasaka. Wakijua baadaye, watazika watoto. Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha dada yangu.

Nilikwenda kuitazama fimbo kwa karibu. Shuleni tulikuwa na bustani, na nilifundishwa kwamba jicho la tawi hukaa juu ya kovu la jani. Kwenye fimbo ya dada yangu macho yote yalikuwa chini ya makovu. Kumbe ilikuwa imepandwa kichwa chini. Mdogo wake shemeji ndiye aliyeipanda, mvua ikikaribia, na ncha zote mbili zilikuwa zimekatwa sawa. Nilifurahi. Kisha nikaanza kufikiri. Nikisema, nitakuwa nimemshtaki yule kijana. Nisiposema, dada yangu atafukuzwa. Nikisema vibaya, wataona najivunia diploma. Nilizunguka lupango hadi dada akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Baraza likaitwa. Mjomba wetu alikuja, wazee wa upande wa pili wakakaa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Baba mdogo wa shemeji, mzee wa mizaha, aliniona na suruali yangu iliyopigwa pasi, nimeshika kikombe bila kunywa.

"Mwalimu iko na pantalo ya pasi," akasema, "lakini fimbo ya dada yake inavaa nini? Haina hata jani moja ya kujifunika."

Walicheka, na mjomba pia alicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri. Kisha mjomba akanipa neno. Nilieleza habari ya macho na makovu. Niliwachukua mpaka mlangoni, nikawaonyesha kwa kidole. Waliinama mmoja mmoja. Mzee wa mizaha alisema alidhani shuleni wanafundisha watoto kusoma, kumbe wanafundisha miti kusimama. Lakini hakuna aliyenipinga. Yule kijana aliyeipanda alikubali kwamba huenda aligeuza, kwa sababu ya mvua. Nilidhani tumemaliza.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani.

"Mwalimu anasema kweli," akasema. "Fimbo iko kichwa chini, tumeona wote. Sasa anielezee hii moja. Zilikuwa mbili. Mutoto alizipanda na mikono ile ile, mvua ile ile. Juu ya nini njo ile ya mwanamuke iligeuka, hapana ile ya mwanaume?"

Wote walinigeukia. Nilisema ni bahati tu. Nikasikia neno lenyewe likianguka katikati yetu, kwa sababu bahati ndiyo hasa iliyokuwa ikizungumzwa. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Na kibaya zaidi, swali lake liliniingia. Nilijibu ndani ya moyo kwa njia zote nilizofundishwa, na kila jibu lilieleza jinsi fimbo ilivyogeuka. Hakuna lililogusa kwa nini ilikuwa yake.

Walikubaliana kuing'oa na kuipanda upya, kichwa juu, na kungoja Pasaka. Mjomba alisema nimesaidia sana. Shemeji aliipanda mwenyewe, akakanyaga udongo kwa miguu mitupu, akamwagia maji ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Nilirudi Ntoto. Katika msitu ule kila kitu kiliota mizizi bila kuombwa. Nguzo za shule zilitoa majani. Kigingi cha kuwambia ngozi nyuma ya nyumba yangu kilitoa majani, nami nikakichukia. Watu wa huko walikuwa na miti yao na maana zake, walijua mti usiopitwa na mwanamke mjamzito na mti unaosalimiwa kabla ya kuwinda, lakini nilipowaeleza habari ya fimbo zetu walinihurumia tu: kwa nini tuliweka jambo kubwa hivyo juu ya kitu ambacho mbuzi anaweza kula? Niliwaza habari ya mbuzi kwa majuma mazima. Mwishowe nikamuuliza padri. Alisema hayo ni mambo ya kipagani, fimbo ikatwe kuni. Sikujua nimpelekee nani jibu hilo.

Nilipanda Masisi siku chache kabla ya Pasaka. Fimbo ilikuwa imesimama sawa, kichwa juu, na kwa mbali niliona rangi yake si ile ya kijivu. Nilikimbia. Nilipokaribia niliona ni rangi ya mti uliochunwa. Kuanzia chini mpaka urefu wa mkono, gome lilikuwa limejaa mikwaruzo ya kucha, mipya juu ya ya zamani.

Dada yangu alitoka na ungo. Nilimuuliza nani amefanya hivyo.

"Sisi wote," akasema. "Ukikwaruza kidogo unaona kama ndani iko mubichi. Mama mukwe anakwaruza asubui akienda kusali. Bwana yangu anakwaruza akitoka kazi. Balebale bazee bakipita, banakwaruza. Na miye."

"Na ndani ilikuwa mbichi?"

"Ilikuwa mubichi. Mwezi wote ilikuwa mubichi."

Nilitaka kueleza kwamba chakula cha mti hupita chini ya gome, kwamba mti uliochunwa pande zote hauwezi tena kulisha mizizi yake. Nilifungua kinywa.

"Usieleze tena, kaka," akasema. "Kila ukieleza, banakuja kuangalia."

Niliona mkono wangu umefika kwenye fimbo, ukucha tayari. Niliurudisha mfukoni. Sikuhitaji kukwaruza. Ilikuwa kavu.

Hakukuwa na baraza safari hii. Mjomba aliitwa, mbuzi wa mahari wakazungumzwa kwa sauti ya chini. Mama mkwe alilia kuliko sisi wote. Alimfungia dada yangu mbegu za maharagwe katika jani la mgomba, akamfunga kitambaa chake mwenyewe kichwani, akamwambia amwombee. Ningependa kusema walikuwa watu wabaya.

Tuliteremka mimi, dada na mjomba, kila mmoja na mzigo. Shemeji alitufuata mpaka kijitoni. Mjomba alivuka kwanza. Dada akavuka, mkeka kichwani, bila kuinua sketi, maji yakamlowesha mpaka magotini. Shemeji akanishika mkono.

"Shemeki, weye ulisoma," akasema. "Sema kitu basi."

Nilikuwa na mengi. Kwamba wapande nyingine. Lakini nyingine itakwaruzwa vilevile. Kwamba amfuate sasa hivi, waende wote Walikale, wakae mahali ambapo hakuna anayewajua. Lakini mama yake angebaki na nani, na hiyo fimbo yake yenye majani ingesemwaje? Nilipima hili na lile, mkono wake ukiwa bado juu ya mkono wangu, na kila neno nililolichukua liliniharibikia kabla sijalitoa.

Ng'ambo, dada yangu aliita kwamba maji yanapanda. Yalikuwa yanapanda kweli. Nikavuka.