Futi ya Jirani

Jirani yangu, fundi cherehani, havuki kizingiti changu bila kumpima mtoto wa paka wangu. Futi haimtoki shingoni wala pini mdomoni, kwa hiyo hata kunisema hunisema kwa pembe ya mdomo: “Miezi mitano, kiuno hiki! Unamnenepesha, mwanangu.” Namweleza mpaka koo linanikauka: babake ni lile dume la dukani, kubwa kama mbuzi, daktari wa mifugo kasema mbavu zikigusika bila kuonekana, huyo ni mzima. Yeye, ambaye kila sare ya mtoto huiachia upindo mrefu ili akue nao, haelewi. Leo nikaushika mkono wake, nikaupitisha ubavuni mwa paka. Akatema pini kiganjani. “Mbavu hizi hapa zote! Kumbe unamshindisha njaa?”