Saa Tano ya Nani?

Niliajiriwa kwa uongo mdogo. Siku ya mahojiano, Daktari, mkuu wa mradi wetu wa kupima maziwa ya wakulima wadogo, aliniuliza kama naijua kompyuta. Nikajibu kwamba nimeitumia chuoni. Kweli niliitumia: tulikuwa wanafunzi zaidi ya ishirini mbele ya kompyuta moja, na mchango wangu siku hiyo ulikuwa kushikilia mlango ili upepo usiingize vumbi.

Daktari akaniandika kwa miezi mitatu ya majaribio. Nikitoa majedwali ya maziwa ya wakulima wa Burnt Forest, nitathibitishwa kazini. Nikishindwa, nitarudi kwa baba yangu, ambaye tayari alikuwa ametangaza kanisani kwamba mwanawe ni mtaalamu wa kompyuta Eldoret.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga mtaani West Indies. Sebuleni alikaa karani wetu, mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega, aliyewahi kuendesha mashine ya teleksi kwa miaka mingi. Kompyuta ilikaa chumbani, imefunikwa kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe, na juu yake picha ya Rais ikiikodolea macho. Mashine hiyo haikuwa na betri ya kukumbuka chochote. Kila ukiiwasha iliuliza tarehe, ikauliza saa, ndipo ukaweka diski ya programu ya takwimu.

Mama alifika wa kwanza kila asubuhi kwa kuwa alikuwa na funguo. Aliiwasha, programu ikafunguka bila taabu, mimi nikaingiza lita za maziwa. Shida ilikuwa stima. Msimu ule wa mvua ilipotea karibu kila siku kabla ya adhuhuri, na iliporudi nilikimbilia kuiwasha upya mwenyewe, maana mtaalamu nilikuwa mimi. Hapo ndipo programu ilipokataa. Ilitoa mstari mmoja wa kosa lenye namba, skrini ikawa nyeusi.

Nilifanya yote ambayo msomi hufanya asipojua la kufanya. Nilipuliza diski. Nilihamisha waya kutoka soketi hadi soketi. Mama aliposema labda mashine inasikia baridi, nilicheka kwa dharau, halafu kesho yake nikaja na jiko.

"Sasa unaichoma?" akauliza.

"Naipasha tu, Mama."

"Sawa. Ikianza kuchemka uniite nilete majani."

Mwishowe Daktari akaita fundi kutoka Nairobi. Fundi alikaa, akaangalia saa yake ya mkononi, akabonyeza vitufe, programu ikafunguka mara ya kwanza. Akazima, akawasha, ikafunguka tena. Akanitazama kama daktari wa hospitali anavyomtazama mtu aliyetaka tu kukwepa shule. Akala nyama choma kwa gharama ya mradi, akaondoka. Alasiri hiyo stima ikapotea na kurudi, nikawasha, programu ikaanguka.

Nikakumbuka kwamba nina digrii ya takwimu. Nikachukua daftari, nikachora jedwali: siku, hali ya hewa, soketi, saa, nani amewasha, matokeo. Kwa wiki mbili nilijaza kwa uaminifu mkubwa. Matokeo yalikuwa wazi kuliko chochote nilichowahi kukipata chuoni: mvua haikuhusika, soketi haikuhusika. Akiwasha Mama, inafunguka. Nikiwasha mimi, inaanguka. Chanzo cha hitilafu nilikuwa mimi, na ushahidi niliukusanya mwenyewe.

Basi nikafanya jambo la aibu. Nikamwomba Mama awe ananiwashia kimyakimya. Ilienda hivyo hadi Jumatano ya wiki yangu ya mwisho, Daktari alipoingia ghafla akamkuta Mama kwenye kiti changu.

"Ijumaa," Daktari akaniambia, "utaiwasha wewe, mbele yangu, na utanipa majedwali. Ikikataa, tutaachana vizuri tu."

Alhamisi stima ikapotea kama kawaida. Iliporudi nilikaa mbele ya mashine kufanya mazoezi ya Ijumaa, Mama akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai na lile daftari langu mkononi. Tarehe nikaisoma kwenye kalenda. Saa sikuwa nayo. Yangu ilikuwa imezama kwenye beseni la nguo miezi miwili nyuma.

"Mama, ni saa ngapi?"

"Saa tano."

Nikaandika 5:00. Programu ikaanguka.

Mama akaweka kikombe chini.

"Umeandika nini hapo?"

"Saa. Si umesema saa tano?"

"Saa tano ya nani?"

"Ya sasa hivi, Mama."

"Hii mashine ilizaliwa Ulaya, kijana. Ukiiambia saa tano inajua majogoo bado wanawika. Mimi asubuhi niliiandikia saa nane, saa mbili yetu." Akafungua daftari langu. "Na hapa, kabla hujaniomba nikuwashie, mchana. Umeandika saa nane. Kwa mashine uliandika ngapi?"

"Nane," nikasema, kwa sauti ndogo.

Akaketi kitandani, maana kitanda cha mwenye nyumba kilikuwa bado humo, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mimi nilijaribu kubaki na heshima ya digrii kwa kama dakika moja, kisha nikacheka pia.

Nikaandika 11:00. Ikafunguka.

Sababu ilikuwa kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa nilioruka kwa kuwa niliuona wa watu wasiojua. Programu ilikuwa ya kukodi kwa mwaka mmoja, na ili mtu asiirudishe saa nyuma na kujiongezea mwaka, ilijiandikia kwenye diski saa ya mwisho iliyotumika, ikajifunga kila ilipoona muda umerudi nyuma. Wiki kadhaa nilikuwa naiambia kwamba jua limerudi lilikotoka, na yenyewe, kwa busara, ilikataa kufanya kazi na mtu wa aina hiyo.

Ijumaa Daktari alikuja kutoka kwake Elgon View akiwa amevaa tai. Nikaazima saa ya Mama, nikawasha, ikafunguka. Printa ikapiga kelele kwa dakika ishirini, ikatoa karatasi ndefu ya maziwa ya Burnt Forest, asubuhi na jioni, iliyofika mlangoni.

"Kumbe kosa lilikuwa nini?" Daktari akauliza.

"Mipangilio ya muda," nikasema kitaalamu. Sebuleni mtu akakohoa.

Barua ya kuthibitishwa ilipigwa chapa mchana huohuo. Aliyeipiga ni Mama, na kwenye orodha ya majukumu aliongeza mstari wake mwenyewe: mhusika ataripoti kwa karani. Daktari akatia sahihi bila kusoma. Mimi niliusoma, nikamtazama, akawa anapanga karatasi zisizohitaji kupangwa. Nikatia sahihi kwa furaha. Kwa miaka minne nilikuwa mtu mwenye digrii anayemwomba karani ruhusa ya kwenda kupima maziwa, naye hakuninyima hata siku moja.