Mchongezi wa Ufunguo

Kitabu kilipanda mlimani kutoka Hedaru juu ya gunia la chumvi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, kimeandikwa jina la shangazi yangu. Kilikuwa cha sosholojia, Kiingereza kitupu. Alikituma yule dada wa chuo kikuu aliyekaa kwetu miezi mitatu enzi za foleni za sukari, akiuliza mambo ambayo hata mkwe haulizi: nani huamua nyumbani, mkigombana nani huwapatanisha. Shangazi ndiye aliyemjibu kuliko wote, huku akimenya tangawizi, mpaka kalamu za mgeni zikaisha wino.

Mimi nilikuwa na darasa la saba, kamusi ndogo iliyopoteza jalada, na ndoto ya kuwa msomi. Nilipogundua kwamba jamii nayo husomewa kama udaktari, nikaanza kuwatazama watu kwa jicho la kitaalamu. Bibi akaniuliza kama nina minyoo.

Siku ya tatu nikaufikia ukurasa wa shukrani, na humo nikamkuta shangazi. Sikuweza kukaa na habari hiyo. Asubuhi nikakipeleka kitabu barazani dukani, pale shangazi alipouzia vitumbua vyake vya mchele wa Ndungu, nikawasomea watu tafsiri niliyoiandaa usiku kucha. Maneno mawili, "key informant", yalikuwa yamenisumbua. La kwanza kamusi ilisema ni ufunguo. La pili halikuwemo, kwa hiyo nikachukua jirani yake wa karibu, "informer", yaani mchongezi. Yalifanana kama mapacha.

"Namshukuru mama mjane, muuza vitumbua," nikasoma kwa sauti ya mchungaji, "mchongezi wangu wa ufunguo."

Nilikuwa nasubiri makofi.

Lazima nieleze. Miaka ile ya shida, kabla biashara haijawa huria, mwenye duka alificha stoo katoni za sabuni ya magendo kutoka Kenya. Mgambo wakaja, wakazibeba zote, naye akakaa mahabusu Same wiki mbili. Kufuli halikuvunjwa. Tangu hapo kijiji kilikuwa kinamtafuta aliyemchongea, na sasa nilikuwa nimewaletea, tena na ufunguo juu.

"Kumbe na ufunguo alitoa yeye," mama mmoja akasema, akakirudisha kitumbua kwenye sahani.

Mwenye duka alikuwa ndani anapanga sabuni, ambazo siku hizo zilijaa rafu nzima, za rangi tatu. Alisikia. Akaendelea kupanga.

Kuanzia kesho yake vitumbua vikawa vinarudi nyumbani. Tulikula vitumbua asubuhi, mchana na jioni, mpaka kuku wakawa wanatukimbia. Watu walimsalimia shangazi huku wakitazama chini, kama waliodondosha sindano. Yeye hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Vitumbua ndivyo vilivyokuwa vikimtunza, na jina lake ndilo lililokuwa likiviuza.

Nikateremka kwa miguu hadi sekondari, kwa mwalimu wa Kiingereza. Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba maneno yale maana yake ni mtoa taarifa mkuu, yaani mtu aliyemfundisha mtafiti kuliko wengine wote. Kisha akafunua mbele, akanitafsiria ukurasa mwingine, ambamo shangazi anasimulia sabuni ilivyokamatwa. Mvua ilinyesha, bati la stoo likavuja, sabuni ikaloa. Povu likapita chini ya mlango, likateremka njiani, likawalaki mgambo waliokuwa wanapita na shughuli zao za kodi. Kufuli alilifungua mwenye duka mwenyewe, mikono ikimtetemeka. Shangazi alikuwa anapita na kuni, akaona yote.

Nikapanda mlima mbio. Shangazi akasikiliza, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Huu usiwasomee watu."

"Lakini shangazi, ndio unaokuokoa."

"Yule baba ana heshima ya kuchongewa. Wakijua alikamatwa na povu, abaki na nini? Mimi nilimwambia mgeni kwa sababu kitabu kingekuwa cha Kiingereza."

Basi nikawasomea ile shukrani tu, safari hii kwa tafsiri ya mwalimu. Wakasema msomi anamtetea shangazi yake.

Nilikosa usingizi, halafu nikapata wazo. Shangazi alinikataza kuwasomea watu. Mwenye duka hakuwa watu, yeye alikuwemo humo kitabuni. Mchana, duka likiwa tupu, nikaingia, nikatoa shikamoo, nikaweka kitabu kando ya mizani.

"Baba, kuna neno hapa limenishinda. Nadhani ni povu."

Akavaa miwani, akautazama ukurasa muda mrefu, kitabu kikiwa juu chini. Kisha akauliza nani alisema haya, nikamjibu shangazi. Lini? Enzi zile zile.

"Na hapa kijijini amemwambia nani?"

"Hakuna."

Akakifunga, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, akanirudishia. Nikatoka nikiwa sijui kama nimetengeneza au nimeharibu zaidi.

Asubuhi iliyofuata akatoka barazani na sahani yake ya bati, akanunua vitumbua sita mbele ya kila mtu. Akala kimoja amesimama. Akajifuta mafuta mdomoni.

"Sabuni yangu," akasema, "ilichongewa na mvua."

Akasimulia yote, na kufuli na mikono yake. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka alipocheka mwenyewe. Yule mama wa ufunguo akaja na bakuli kubwa, akamwita shangazi wifi yangu, akaomba vitumbua vilivyobaki vyote. Mwenye duka akatakiwa arudie. Mara ya kwanza povu lilikuwa limewafika mgambo magotini. Mara ya pili likafika kiunoni, mmoja wao akawa anaogelea.

Shangazi alikuwa anakunja kitambaa chake. Akaninong'oneza kwamba povu halikuvuka kifundo cha mguu, na hilo nisimwambie mtu.